Kubadilisha oili ya difu ya Hilux nyumbani: mwongozo kamili

Bolti ya kujazia oili ndiyo hufunguliwa kwanza. Wengi wanaoharibikiwa na kazi hii nyumbani wameanzia chini: wamemwaga oili yote, kisha wakaenda kutafuta pa kujazia na kukuta bolti imeshikwa na kutu, haitoki. Hapo gari halina hata tone kwenye difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kwa matairi), halisogei kwenda gereji, na fundi anayeitwa nyumbani anakuja na bei yake.

Kosa la pili ni kuegesha gari pasipo sawa. La tatu ni kutia oili isiyo yake. Mengine ni mepesi, yeyote mwenye spana na subira anayamaliza kwa saa mbili.

Maelezo haya yanafuata Toyota Hilux yenye ekseli nzima nyuma (bomba moja la chuma kutoka tairi hadi tairi), zile za zamani hadi Vigo na Revo, kwa kuwa ndiyo pikapu iliyojaa barabarani kwetu. Isuzu, Mitsubishi na Nissan hazitofautiani sana. Penye tofauti imetajwa.

## Vya kuandaa kabla hujaingia chini ya gari

- Gia oili lita 4 kwa difu ya nyuma, na lita 2 zaidi kama gari lina difu ya mbele. Kiasi kamili kiko kwenye kitabu cha gari, na hutofautiana kwa toleo na ukubwa wa difu. Kinachobaki hakiharibiki kikifungwa vizuri.
- Washa (pete za kuziba zinazokaa chini ya kichwa cha bolti) mpya mbili kwa kila difu. Mpe muuza spea namba ya chasisi akupatie zenyewe. Ni vitu vya bei ndogo sana, na ndivyo vinavyozuia uvujaji.
- Soketi ya milimita 24 yenye pembe sita, si kumi na mbili, pamoja na mkono mrefu wa kufungulia. Hilux nyingi hutumia saizi hiyo nyuma. Baadhi ya Nissan zina shimo la mraba linaloingiza mkia wa raketi wa nusu inchi, bila soketi yoyote.
- Spana ya L ya milimita 10 kwa difu ya mbele ya Hilux nyingi za 4x4. Chungulia kwanza ujue yako inataka nini.
- Beseni pana la lita 6 au zaidi. Dumu lililokatwa ubavuni linafaa, ila kingo ziwe ndefu, maana oili ya moto hutoka kwa kuruka.
- Pampu ya mkono ya oili, au mpira unaoona ndani wa mita 2 na faneli.
- Brashi ya waya, matambara, dawa ya kulegeza kutu, glavu na tochi.
- Kabari nne za mbao za kuzuia matairi.
- Pima maji, ileile ya fundi ujenzi.

Ukiwa na toki renchi, spana inayopima ukazo, vizuri. Usipokuwa nayo kuna njia ya kukadiria, utaikuta kwenye hatua ya 6.

## Oili gani hasa

Dukani watu huomba "namba 90" tu na kupewa chochote. Namba hiyo inaeleza uzito wa oili peke yake. Haisemi kama oili ina uwezo wa kulinda meno ya difu.

Ndani ya difu, meno ya pinioni (gia ndogo inayoleta nguvu) na krauni (gia kubwa inayoipokea) hayabingirishani tu, yanasuguana kwa kuteleza huku yakibeba mzigo wote wa gari. Msuguano huo hukamua oili ya kawaida ikatoka katikati ya meno, chuma kikagusa chuma. Ndiyo sababu difu inataka gia oili yenye alama GL-5, iliyotiwa viambato vya salfa na fosforasi vinavyojenga utando juu ya chuma. Ukifungua chupa ya GL-5 utasikia harufu nzito ya kiberiti. Ukifungua chupa iliyoandikwa GL-5 ikanukia kama oili ya injini, una sababu ya kuirudisha dukani.

Hilux za zamani zinataka GL-5 ya SAE 90 au 80W-90, na kwa joto letu, kuanzia Mombasa hadi Dodoma, hiyo inatosha. Matoleo mapya mengi yanataka 75W-85 GL-5 iliyo nyepesi zaidi. Fuata kitabu cha gari lako, si cha jirani.

Oili ya injini na ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) hazikai humu, hata kwa "kusogezea safari". Na GL-5 inayobaki usiimimine kwenye gia boksi kwa mazoea: gia boksi nyingi za manyuo hutaka GL-4, kwa sababu viambato vya GL-5 vinaweza kula pete za shaba za kuunganishia gia.

Kuna fundi atakayekushauri utie 140 kwa kuwa difu inavuma. Oili nzito hupunguza sauti, lakini haiponyi jino lililolika wala beringi iliyokufa. Kama kitabu hakiitaji, iache.

Difu ya LSD. Hii huzuia tairi moja kuzunguka bure peke yake. Ina sahani za msuguano ndani na inahitaji oili iliyoandikwa LS au "limited slip". Ukiikosesha, gari hutetemeka na kugonga likikata kona. Kuijua: weka kabari matairi ya mbele, inua yote mawili ya nyuma, ekseli ikae juu ya stendi za chuma, gia iwe huru na breki ya mkono imeachiwa. Zungusha tairi moja kwa mkono. La upande wa pili likizunguka kinyume, ni difu ya kawaida. Yakizunguka pamoja upande mmoja, au yakikaza, ni LSD. Angalia pia karibu na bolti ya difu, wakati mwingine kuna kibandiko cha onyo kutoka kiwandani.

## Hatua ya 1: Pasha oili joto, kisha egesha pasawa

Endesha gari dakika 10 hadi 15. Oili ya difu ikipoa ni nzito kama asali. Hutoka polepole na kuacha uchafu umelala chini. Ikipata joto inatoka upesi na kubeba vumbi la chuma. Usiende safari ndefu ukaingia chini moja kwa moja, utaungua mkono.

Egesha kwenye saruji au ardhi ngumu iliyo sawa. Kipimo cha difu ni kimoja tu: oili ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Tundu hilo kwenye Hilux liko upande wa nyuma wa hauzingi, yaani nyumba ya chuma ya difu. Gari likiinua pua, oili inakimbilia nyuma, inafika kwenye tundu mapema, nawe unadhani imejaa wakati imepungua. Likiinamisha pua, unatia nyingi kupita kiasi. Likilala ubavu mmoja, oili inajaa kwenye ekseli ya upande huo.

Laza pima maji chini, usawa wa gari kwa urefu, kisha iweke juu ya bomba la ekseli kwa upana. Usiipime chasisi, kwa sababu pikapu tupu hunyanyua nyuma kwa kawaida.

Hilux ina nafasi ya kutosha, wengi huingia chini bila jeki. Ikikulazimu kuinua, inua pande zote nne kwa kimo kimoja juu ya stendi za chuma.

Onyo: usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usitumie tofali la saruji kuwa stendi. Tofali linabeba uzito vizuri, kisha linapasuka ghafla bila dalili yoyote.

Zima injini, chomoa ufunguo, vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza (au P kwa otomatiki), gongea kabari mbele na nyuma ya matairi.

## Hatua ya 2: Fungua bolti ya kujazia

Shusha kwanza tairi la spea linaloning'inia nyuma ya ekseli. Watu wanahangaika nusu saa wakipenyeza mkono pembeni yake, kumbe kulishusha ni kazi ya dakika 3.

Sasa tafuta bolti mbili. Ya kujazia iko nyuma ya hauzingi, karibu nusu ya kimo chake. Ya kumwagia iko chini kabisa. Usiguse bolti ndogo nyingi zilizopangwa duara upande wa mbele. Hizo zimeshika difu yenyewe.

Sugua eneo lote la bolti ya kujazia kwa brashi ya waya, ufute kwa tambara. Punje moja ya mchanga ikiingia ndani itazunguka na meno hadi siku utakapobadilisha tena. Chimba pia tope lililoganda ndani ya kichwa cha bolti, ili soketi iingie hadi mwisho. Soketi ikishika nusu ndiyo inayokula pembe.

Ingiza soketi, shika mkono mrefu, vuta kinyume cha saa. Ukiwa umelala chali unatazama juu, ni rahisi kuchanganya upande na kukaza badala ya kulegeza. Jiwazie unaitazama bolti uso kwa uso: kushoto ni kufungua.

Ikigoma, hii ndiyo sehemu ya kufanya kwa utulivu. Puliza dawa ya kulegeza kutu, iache saa kadhaa au usiku mzima. Gonga kichwa cha bolti mara tano sita kwa nyundo, ngumi fupi za moja kwa moja. Mtikisiko huvunja kutu kwenye meno. Kisha ongeza bomba la chuma kwenye mkono wa spana na uvute kwa nguvu inayopanda taratibu. Vuta kuelekea pembeni, uso wako usikae kwenye njia ya spana.

Usiwashe moto. Tangi la mafuta na mabomba ya breki viko jirani.

Ikigoma hata hivyo, funga vifaa vyako. Difu bado ina oili yake, gari linatembea, lipeleke kwa mwenye mashine ya hewa. Hujapoteza chochote.

Umefanikiwa bolti ikitoka na kidole kikaingia kwenye tundu. Kabla ya kuendelea, kikunje kidole kuelekea chini uone oili iko wapi. Ikiwa chini sana, ilikuwa inavuja mahali, na utapatafuta kabla hujamaliza.

## Hatua ya 3: Mwaga oili ya zamani

Weka beseni chini, lisogeze nyuma kidogo. Legeza bolti ya chini kwa soketi, halafu imalizie kwa vidole huku ukiisukuma juu kana kwamba unairudisha. Ukisikia meno yameisha, itoe kwa haraka na uondoe mkono. Namna hii oili haikumwagikii kwenye kiganja.

Kwa kuwa tundu la juu liko wazi, hewa inaingia na oili inashuka kwa mkondo mnene. Iache dakika 20, hadi mkondo uwe matone ya kuhesabika.

Zipo pikapu ambazo difu haina bolti ya kumwagia. Hizo unazinyonya kwa pampu kupitia tundu la kujazia, ukisukuma mpira mpaka uguse chini, au unafungua kifuniko cha nyuma na kuweka gasketi mpya. Kunyonya hakutoi kila kitu, kwa hiyo usisubiri muda mrefu kabla ya kubadilisha tena.

## Hatua ya 4: Isome oili kabla hujaitupa

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayokuambia kama difu ina miaka mbele yake au miezi.

Bolti ya kumwagia ya Hilux mara nyingi ina sumaku. Utakuta imevaa kofia ya tope la kijivu. Chukua kidogo, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa laini kama wanja, bila kukwaruza, ni mchakao wa kawaida. Ukihisi chembe zinazokwaruza, tazama kwa tochi. Magamba yanayong'aa kama ya dagaa yanatoka kwenye beringi au uso wa jino linalobanduka. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele au zaidi ni jino lililovunjika, na difu inatakiwa ifunguliwe kabla ya safari nyingine.

Rangi nayo inasema. Nyeusi yenye harufu kali ni oili iliyozeeka tu. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Gari lililovuka mto au kukaa kwenye mafuriko ya mvua za masika hupata hali hii mara nyingi, mwenyewe asijue, kwa sababu gari linaendelea kutembea kama kawaida huku beringi zinashika kutu gari likilala.

Ukikuta maji, usitie oili nzuri mara moja. Tia GL-5 ya bei nafuu hadi kipimo, endesha kilomita 50 hadi 100, imwage ikiwa ya moto, ndipo utie ile uliyokusudia. Ikitoka na weupe tena, rudia. Usisafishe ndani kwa petroli wala dizeli. Haitoki yote kwenye mabomba ya ekseli, na itayeyusha oili mpya.

Kwa gari lililonunuliwa mkononi, angalia pia kama kuna unga wa mbao au nyuzinyuzi zisizo za chuma. Hivyo huwekwa kuzima mlio siku ya kuuza.

## Hatua ya 5: Funga chini

Futa sumaku mpaka ing'ae. Safisha meno ya bolti na uso wa hauzingi inapokaa washa. Hakikisha washa ya zamani haikubaki imegandia juu. Zikikaa mbili, itavuja tu.

Weka washa mpya, anza kuzungusha kwa vidole. Bolti ikikaza kabla ya mizunguko mitatu, itoe uanze upya, kwa maana imeingia upande. Meno ya hauzingi yakiharibika, matengenezo yake ni ya fundi tona, yule mchonga vyuma.

## Hatua ya 6: Kaza kwa kipimo

Kwa difu ya nyuma ya Hilux, bolti zote mbili hukazwa takribani 49 N·m. Kitabu chako kikisema vingine, kifuate.

Usipokuwa na toki renchi, shika spana sentimita 25 kutoka katikati ya bolti. Nguvu inayotakiwa mkononi ni ya kuinua dumu la maji la lita 20 kwa mkono mmoja. Linyanyue dumu kwanza uihisi nguvu hiyo, halafu iweke kwenye spana. Inaonekana jambo la kitoto, lakini wengi wakiijaribu hugundua walikuwa wakikaza mara mbili ya hapo.

Kukaza kupita kiasi ndiko kunakozaa bolti zisizotoka. Anayezuia oili ni washa, si misuli.

## Hatua ya 7: Jaza

Chupa za oili zilale juani saa moja kabla. Gia oili ya baridi itakuchosha mkono.

Ukiwa na pampu, ingiza mpira kwenye tundu na usukume. Ukiwa na mpira na faneli, pitisha mpira juu ya chasisi, faneli uifunge kwenye ukingo wa bodi la nyuma. Mmoja amimine, mwingine akae chini ashike mpira na kutazama. Mimina kidogo kidogo. Mpira wa mita 2 wenye upana wa ndani wa milimita 12 unabeba karibu robo lita, kwa hiyo anayemimina aache mapema, kilicho njiani kitaendelea kushuka.

Oili ikianza kuchuruzika kwenye tundu, simama. Subiri dakika 5 ienee kwenye mabomba ya ekseli. Ongeza tena hadi ichuruzike. Acha iliyozidi itoke yenyewe.

Kipimo sahihi: ukiingiza ncha ya kidole kidogo na kukikunja chini, oili ikiguse papo hapo. Kutoka usawa wa ukingo wa chini wa tundu hadi milimita 5 chini yake ni sawa. Chupa zikiwa zimetoka nusu na tundu linachuruzika, difu imejaa au gari limeinua pua. Pima tena ardhi. Chupa zimeisha na tundu bado kavu, nenda ukanunue nyingine. Usifunge ukisema "inatosha".

Kuzidisha nako kuna madhara. Krauni ikizama mno inapiga povu, joto linapanda, na oili inasukumwa kupita sili za ekseli (raba zinazoizuia isitoke) hadi kwenye breki.

Weka washa mpya, kaza ya juu kama ulivyokaza ya chini.

## Hatua ya 8: Kagua pumulio

Juu ya bomba la ekseli kuna kifuniko kidogo cha chuma, au kipande cha mpira kinachopanda kuelekea chasisi. Hilo ni pumulio. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka na kutokea hapo.

Kwenye barabara zetu za vumbi na tope, pumulio huziba. Hewa ikikosa njia inasukuma oili kupitia sili. Halafu, gari la moto likiingia majini, hewa ya ndani inajikunja kwa ghafla na kuvuta maji kupitia sili zilezile. Sili nyingi zinazobadilishwa kila baada ya miezi michache hazina kosa. Aliyeziua ni pumulio, na hakuna aliyelitazama.

Safisha kwa brashi, kizungushe kifuniko mpaka kicheze. Kikiwa kimekufa, weka kipya. Anayevuka mito mara kwa mara afunge mpira na kuupandisha juu, karibu na usawa wa bodi.

## Hatua ya 9: Osha, endesha, rudi chini

Osha hauzingi kwa maji na sabuni, ikaushe kabisa. Ukiiacha na mafuta ya jana hutajua uvujaji wa leo.

Endesha kilomita 10 hadi 20, egesha palepale ulipofanyia kazi. Pitisha tambara jeupe kwenye bolti zote mbili, likitoka kavu umemaliza sehemu kubwa. Likiwa na doa, futa, kaza kidogo tu, jaribu tena. Likirudia, washa haikukaa vizuri, usiendelee kukaza.

Baada ya kupoa dakika 10, fungua ya juu na kuhakikisha kipimo. Mara nyingi huhitaji kuongeza kikombe kidogo.

## Difu ya mbele kwa 4x4

Wengi huisahau kwa kuwa hawatumii 4x4 kila siku. Lakini maji huingia humo vilevile.

Fungua bati la chini, fuata mkondo uleule: ya kujazia kwanza, mwaga, soma, funga, jaza. Huchukua oili kidogo kuliko ya nyuma. Spana ya L isukume hadi mwisho na uondoe uchafu wote ndani ya tundu lake, kwa sababu kichwa hiki kikilika ndani hakuna pa kushika tena. Ukazo wa bolti hizi ni tofauti na wa nyuma, na ya juu hutofautiana na ya chini. Hapa kitabu ni cha lazima.

Angalia sana usimwage gia boksi au transfa (boksi linalopeleka nguvu mbele kwa 4x4) ukidhani ni difu. Difu ya mbele iko mahali zinapotokea shafti mbili fupi kwenda kwenye matairi ya mbele. Fuata shafti hizo kwa kidole kabla ya kuweka spana.

## Dalili baada ya kazi, na maana yake

Mlio wa kuvuma ukikanyaga mafuta, unaopungua ukiachia. Ni meno ya krauni na pinioni. Oili haikuusababisha, wala haitauondoa.

Mlio usiobadilika ukikanyaga au ukiachia, unaopanda na mwendo tu. Shuku beringi, ila badilisha kwanza nafasi za matairi. Tairi lililolika vibaya huiga sauti ya difu hasa.

Oili upande wa ndani wa rimu ya nyuma. Sili ya ekseli inapitisha oili na breki shuu zinaloa. Hapa usiendeshe. Breki ya upande mmoja ikiloa, gari huvuta upande ukikanyaga breki kwa nguvu. Hakikisha hukuzidisha oili, angalia pumulio, kisha badilisha sili, na breki shuu zilizoloa nazo zibadilishwe.

Oili pale propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi, inapoingia kwenye difu, na mstari wa matone chini ya bodi. Sili ya pinioni. Kazi hii mpe fundi anayeijua, kwa kuwa nati ya pinioni ina ukazo wake wa pekee, na kuikaza ovyo kunaua beringi mpya kwa wiki chache.

Kugonga mara moja unapotia gia. Kagua kwanza misalaba ya propela, yaani viungo vyake vya kukunjika.

## Oili iliyotoka, na siku ya kurudia

Ifunge kwenye dumu lenye kifuniko, ipeleke gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu. Kuna mazoea ya kupaka mbao na nguzo kuzuia mchwa. Oili hiyo ina metali na kemikali, inashuka na mvua hadi kwenye udongo wa bustani na kisima. Kwa nyumba yenye watoto wanaocheza uani, tafadhali usifanye hivyo. Matambara yaliyoloa yasitupwe karibu na jiko.

Kwa pikapu inayobeba mzigo, kuvuta tela au kushinda barabara za vumbi, badilisha kila kilomita 20,000 hadi 30,000. Ya lami na mizigo myepesi inaweza kufika 40,000. Ikizama majini hadi ekseli, fungua bolti ya juu uangalie rangi wiki hiyohiyo, bila kujali kilomita. Difu iliyofungwa upya kwa krauni au beringi mpya, oili ya kwanza imwagwe kabla ya kilomita 1,000, maana hubeba vumbi la vyuma vinavyozoeana.

Andika tarehe, kilomita na aina ya oili kwenye kipande cha plasta, ukibandike ndani ya nguzo ya mlango wa dereva. Baada ya kilomita 500, siku unayoosha gari, chungulia tena bolti mbili, sili za ndani ya matairi na pumulio.